Unyoya, Bundi na Picha Yenye Ukungu: Jinsi Ndege Anavyopewa Jina

Mjomba wangu analima mihogo na maharagwe katika kijiji kimoja cha Mwenga, Kivu Kusini, pembeni mwa msitu wa Itombwe. Mwaka jana alinitumia picha moja kwa simu pamoja na ujumbe mfupi: "Mpwa wangu, wewe uliyesoma, huyu ni ndege gani?" Picha ilipigwa jioni. Ilionyesha nguzo ya ua, na juu ya nguzo doa la rangi ya udongo lenye uso mweupe-mweupe na mashimo mawili meusi mahali pa macho. Nikaiweka katika kundi letu la wanafunzi. Kabla ya saa moja kupita, doa lile lilikuwa limekwisha kupata jina: bundi wa Itombwe, ndege ambaye watafiti wamemshika mikononi mara mbili tu. Mwenzetu mmoja akaandika kwamba wageni hulipa fedha nyingi kwa ndege wa namna hiyo, na kwamba mjomba amtege upesi kabla hajahama.

Insha hii imezaliwa na picha ile. Mimi ni mwanafunzi wa historia, si mtaalamu wa ndege. Lakini nilipotazama jinsi tulivyokimbilia jina, niliona kosa ambalo walimu wetu wanatuonya nalo tangu mwaka wa kwanza: tulimpokea shahidi bila kumhoji. Picha yenye ukungu ni shahidi kama barua ya zamani iliyoliwa na mchwa au simulizi la mzee aliyesahau nusu ya mambo. Haifai kutupwa, wala haifai kuaminiwa nzima. Ninataka kuonyesha, kwa mifano kutoka Kongo na Somalia, kwamba katika historia ya kutambua ndege wa nchi zetu jambo kubwa halikuwa kupata jina haraka. Jambo kubwa lilikuwa kutunza ushahidi, hata ukiwa mdogo, ili anayekuja baadaye aweze kutusahihisha.

Unyoya wa Avakubi

Mfano wa kwanza hauna picha kabisa, una unyoya mmoja. Kati ya mwaka 1909 na 1915 watafiti wawili, Herbert Lang na James Chapin, walitumwa na makumbusho ya historia ya asili ya New York kukusanya wanyama na mimea kaskazini-mashariki mwa Kongo, iliyokuwa chini ya Ubelgiji. Mwaka 1913 huko Avakubi, kando ya mto Ituri, Chapin aliona kofia ya mwenyeji mmoja iliyopambwa kwa manyoya. Unyoya mmoja ulimshangaza. Ulikuwa wa rangi ya kahawia yenye wekundu, na mistari myeusi iliyoukata kwa upana. Chapin aliwajua ndege wengi wa msitu ule, lakini unyoya ule haukuwa wa yeyote kati yao.

Hapo ndipo penye funzo la kwanza. Chapin hakuupa unyoya ule jina. Angeweza kusema ni wa kanga fulani, au wa kuku aliyeletwa na wafanyabiashara, na pengine hakuna ambaye angembishia. Aliuchukua, akautunza, akarudi nao New York. Miaka ikapita.

Mwaka 1936 Chapin alikuwa katika makumbusho ya Kongo huko Tervuren, Ubelgiji, akifanya kazi nyingine. Juu ya kabati aliona ndege wawili waliokaushwa, wenye vumbi, ambao hakuna aliyewajali. Lebo yao ilisema ni tausi wachanga wa Kihindi, yaani ndege wa kufugwa walioletwa kutoka nje. Chapin akatazama bawa la jike, akakumbuka unyoya wake wa miaka 23 iliyopita. Ulikuwa ni ule ule. Mwaka huo huo alimtangaza ndege huyo kuwa spishi mpya, Afropavo congensis, tausi wa Kongo. Mwaka uliofuata alikwenda Kongo kumtafuta, akampata.

Tulinganishe mashahidi wawili wa kisa hiki. Wa kwanza ni unyoya mmoja usio na jina. Wa pili ni ndege wawili wazima wenye jina lililoandikwa vizuri kwenye lebo. Kwa macho ya kawaida shahidi wa pili ana nguvu zaidi. Kumbe lebo ndiyo iliyowazuia watu kumwona ndege aliyekuwa mbele yao kwa miaka mingi, kwa kuwa aliyesoma "tausi wa Kihindi" hakuona sababu ya kutazama tena. Unyoya ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa swali lililoachwa wazi. Jina la haraka hufunga mlango, na ndiyo maana ninaliogopa.

Kuna mtu wa tatu ambaye nisingependa tumsahau, naye ni mwenye kofia. Manyoya hayaruki yenyewe kutoka msituni hadi kichwani mwa mtu. Mtu yule, au mwindaji aliyempa, alikuwa amemwona ndege mzima, pengine alikuwa amemla. Kwake hapakuwa na fumbo lolote. Kilichoitwa ugunduzi mwaka 1936 kilikuwa ni habari kuchelewa kufika New York na Tervuren.

Bundi wa Itombwe na ndege mwenye kishungi cha manjano

Sasa nirudi kwenye milima ya nyumbani. Mwaka 1951, mahali paitwapo Muusi katika Itombwe, alipatikana bundi mmoja ambaye hakufanana na bundi wengine wa Afrika. Mwaka 1952 Henri Schouteden alimwandika kuwa spishi mpya, akampa jina la Alexandre Prigogine, mtafiti aliyeshughulika sana na ndege wa Kivu. Baada ya hapo kulikuwa kimya. Kwa miaka 45 ushahidi wote ulioshikika ulikuwa ngozi ile moja. Mwaka 1996 watafiti waliokuwa wakichunguza wanyama wa Itombwe walimnasa jike mmoja katika wavu. Walimpima, wakampiga picha, wakamwachia aende zake. Miezi michache baadaye vita vilianza Kivu, na utafiti wa namna hiyo ukawa mgumu.

Picha za mwaka 1996 zilikubalika kwa sababu hazikuwa peke yake. Nyuma yake palikuwa na ngozi ya 1951 ya kulinganisha, vipimo vilivyochukuliwa ndege akiwa mkononi, na watu waliomtazama kwa karibu. Picha ilikuwa shahidi mmoja kati ya wanne au watano.

Mfano mwingine wa milima hiyo hiyo unaonyesha kwamba wakati mwingine picha hutosha. Mwaka 1933 Schouteden aliandika habari za ndege mweusi mwenye kishungi cha manjano kinachong'aa, Prionops alberti. Huyu naye alipotea machoni pa watafiti kwa karibu miaka ishirini, mpaka akaingia katika orodha ya ndege waliopotea duniani. Kati ya Desemba 2023 na Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, pamoja na wenzao Wakongomani wa kituo cha utafiti cha Lwiro, walitembea Itombwe kwa wiki sita, wakakutana na ndege hao, wakapata picha za kwanza za aina hiyo. Hapo hapakuhitajika ngozi. Ndege mweusi kama makaa mwenye kofia ya manjano hana pacha katika msitu ule. Hata picha yake ikitikisika, weusi na manjano vinabaki.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kuhusu picha si "ni safi kiasi gani?" Swali ni "ndege huyu anafanana na nani?" Kama hana wa kufanana naye, picha mbaya inaweza kutosha. Kama ana ndugu watano wanaofanana naye, hata picha nzuri inaweza isitoshe.

Tiva wa Bulo Burti

Mfano wa Somalia ndio ulionisumbua zaidi, kwa sababu ndani yake watu wenye elimu na nia njema walikosea, na bado ninaona walifanya vema. Mwaka 1988, katika eneo la hospitali ya mji wa Bulo Burti, alionekana ndege wa jamii ya tiva mwenye rangi zisizofanana na za tiva wanaojulikana. Mwaka uliofuata alinaswa. Desturi ya sayansi ilikuwa kumuua na kuhifadhi ngozi yake, ili kila anayekuja aweze kuiona. Watafiti hawakufanya hivyo. Waliona kwamba huenda ndiye wa mwisho wa aina yake. Walimfuga kwa muda, wakampiga picha, wakachukua damu na manyoya, na mwaka 1990 wakamwachia huru. Mwaka 1991 walitangaza kuwa ni spishi mpya, Laniarius liberatus, yaani tiva aliyeachiwa huru, wakitegemea uchunguzi wa DNA yake. Mwaka huo huo serikali ya Somalia ilianguka, na nafasi ya kurudi Bulo Burti kumtafuta mwenzake ikafungwa.

Mabishano yalikuwa makali. Je, spishi inaweza kuandikwa bila ngozi ya ndege? Wengine walisema picha, damu na manyoya machache havitoshi. Mwaka 2008 watafiti wengine walilinganisha vinasaba vyake na vya tiva wengi zaidi. Jibu likawa kwamba hakuwa spishi ya peke yake. Alikuwa tiva wa Somalia mwenye rangi isiyo ya kawaida, kama vile katika ukoo mmoja anavyoweza kuzaliwa mtoto mwenye nywele tofauti na za ndugu zake wote.

Mtu anaweza kusema: basi, walikosea, wangemuua tu. Mimi nasema kosa lao lilikuwa la jina, halikuwa la ushahidi. Walitunza damu na manyoya, wakaandika mahali na mwaka, wakaeleza wazi walivyofikia uamuzi wao. Kwa sababu hiyo, wenzao waliweza kuwasahihisha miaka 17 baadaye, na ndege akaruka zake. Rangi ndiyo iliyowadanganya mwanzoni, na rangi ndiyo inayodanganya pia katika picha zetu za simu.

Picha yenye ukungu inasema nini

Baada ya kusoma visa hivi niliirudia picha ya mjomba kwa utaratibu. Nilijiuliza kwanza ukungu umetoka wapi. Msituni na jioni mwanga ni mdogo, hivyo kamera huacha kilango chake wazi kwa muda mrefu zaidi, na mkono wa mpigaji au kichwa cha ndege kikisogea kidogo, mistari yote huyeyuka. Simu nyingi zinapovuta picha karibu hazivuti kweli. Hukuza nukta zile zile. Nyingine hulainisha na kunoa picha zenyewe, hata zikaonyesha manyoya ambayo macho ya mpigaji hayakuyaona. Ndege akiwa mbele ya anga nyeupe hugeuka kivuli, na kifua cha kijani kinaweza kuonekana cheusi.

Halafu nilijiuliza nini kimenusurika. Umbo hunusurika kuliko rangi. Fundichuma, kwa mfano, hutambulika hata kwa kivuli chake, kwa kuwa kichwa chake kina umbo la nyundo. Mkao hunusurika: ndege anayesimama wima si sawa na anayelala juu ya tawi. Na kuna mambo yasiyoonekana katika picha kabisa ambayo mpigaji anayajua: saa, mahali, mti, sauti, na kama ndege yule huonekana kila siku au alipita mara moja. Hayo ndiyo tuliyoyasahau katika kundi letu. Tulibishana juu ya nukta, wala hakuna aliyekuwa amempigia simu mjomba.

Nilimpigia. Nikamwomba mambo matatu. La kwanza, anitumie picha yenyewe kama faili, si nakala ya WhatsApp, kwa sababu WhatsApp hupunguza ubora wa picha na kufuta maelezo ya saa iliyopigwa. Binamu yangu alimsaidia. Faili ilipofika, uso ulionekana vizuri kidogo: kilichokuwa cheupe hakikuwa uso mzima, kilikuwa duara mbili kuzunguka macho. La pili, apime nguzo. Upana wake ulikuwa sentimita 12. Nilipolinganisha katika picha, ndege alikuwa na urefu unaokaribia mara tatu ya upana huo, na bundi wa Itombwe hufikia kama sentimita 25 tu. La tatu, aniigizie sauti yake. Alicheka, kisha akaigiza: sauti nene, fupi-fupi, zenye mdundo, halafu nyingine ikijibu kutoka upande wa pili wa mashamba. "Wako wawili," alisema. "Wapo tangu mama yako akiwa msichana."

Mambo hayo matatu hayaelekei kwa bundi wa Itombwe. Yanaelekea kwa bundi wa misitu wa kawaida, Strix woodfordii, anayeishi sehemu nyingi za Afrika, ambaye huimba kwa kujibizana na mwenzake na ana weupe kuzunguka macho. Lakini nguzo imepimwa kwa utepe wa fundi cherehani, ndege alikuwa amejikunyata, na mimi si mtaalamu. Kwa hiyo katika kumbukumbu yetu niliandika hivi: "Bundi. Huenda ni bundi wa misitu. Haijathibitishwa." Majukwaa ya kuhifadhi picha za viumbe, kama iNaturalist, huruhusu jambo hilo: mtu anaweza kuacha jina katika ngazi ya jamii au jenasi hadi ushahidi zaidi upatikane. Kuishia pale ushahidi unapoishia si aibu. Katika historia pia tunaandika "karne ya 15" pale tusipoweza kuandika mwaka.

Kwa nini jina lina uzito

Mtu anaweza kuuliza kelele hizi zote ni za nini, kwa bundi mmoja juu ya nguzo. Itombwe ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2006, na ndege wanaopatikana huko tu ni sehemu ya hoja za kuilinda. Ndani na pembeni mwake kuna watu wanaolima, wanaofuga na wanaochimba dhahabu, na mipaka ya hifadhi imekuwa jambo la mazungumzo marefu. Ripoti ya uongo kwamba ndege adimu yuko katika shamba la fulani inaweza kumletea mkulima matatizo, au kuwaleta wategaji. Na ripoti nyingi za uongo zikizoeleka, siku ndege adimu atakapoonekana kweli hakuna atakayesikiliza.

Upande wa pili pia upo. Kwetu bundi ni ndege wa mkosi. Akilia juu ya paa, watu husema ameleta habari ya kifo, na mara nyingi hupigwa mawe. Kumtambua kama jirani wa miaka mingi anayekula panya wa mashambani kunaweza kumponya. Kwa hiyo uvumi wa fedha ungeweza kumuua bundi wa mjomba kwa mtego, na hofu ingeweza kumuua kwa jiwe. Vyote viwili vinatokana na kutomtazama vizuri.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba unyoya usio na jina ulimfikisha Chapin mahali ambapo lebo iliyoandikwa vizuri ilishindwa. Kwamba picha za bundi wa Itombwe zilipata nguvu kutokana na ngozi, vipimo na watu waliokuwa nyuma yake. Kwamba ndege asiye na pacha hutambulika hata kwa picha mbaya. Na kwamba jina la tiva wa Bulo Burti liliweza kusahihishwa kwa kuwa ushahidi wake ulitunzwa. Sisi tunaosoma historia tuna ujuzi ambao wapiga picha wa ndege wanauhitaji: kuuliza nani aliona, lini, wapi, kwa chombo gani, na nini kilipotea njiani.

Nilipompelekea mjomba jibu letu hakufurahi sana. "Miaka yote hiyo ya shule," alisema, "na jibu lenu ni huenda?" Nikamsimulia habari ya Chapin, unyoya, na ndege wawili wenye vumbi juu ya kabati. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Na yule mwenye kofia, aliitwa nani?"

Nimetafuta katika masimulizi niliyoweza kuyasoma, sijaliona jina lake. Ndiyo sababu katika kumbukumbu ya bundi yule, juu ya saa, mahali na kipimo cha nguzo, mstari wa kwanza kabisa nimeandika jina la mjomba.